Penye nafuu Silibwet ni wapi? Kibandiko cha bei pekee hakitoshi

WANUNUZI wa Silibwet na vitongoji vyake katika Kaunti ya Bomet hukabiliwa na swali moja kila wanaposhika kikapu kwenda kununua mahitaji ya nyumbani: ni duka gani lenye bei nafuu na bidhaa zenye ubora?

Swali hilo laonekana jepesi. Mtu huingia katika supamaketi moja akatazama bei ya unga, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni, kisha akaenda katika nyingine na kulinganisha.

Hata hivyo, ulinganisho wa aina hiyo humpotosha mnunuzi mara nyingi kuliko unavyomfaa. Bei iliyobandikwa kwenye rafu ni bei ya pakiti, wala si bei ya chakula kilichomo ndani yake. Na pakiti hazilingani.

Tatizo la mkazi wa maeneo ya majani chai leo si uhaba wa maduka. Tatizo ni kwamba hana kipimo kimoja cha kuyalinganisha. Kipimo hicho chaweza kupatikana bila gharama kubwa, na serikali ya kaunti ina mamlaka ya kukidai.

Kutoka shambani hadi dukani

Silibwet, iliyo katika eneobunge la Bomet ya Kati, haiko mbali na mji wa Bomet. Wateja wa maduka yake ni wakulima wadogo wanaouza majani chai kwa viwanda vilivyo chini ya Halmashauri ya Ustawi wa Majani Chai, KTDA, kama vile Kapkoros na Tirgaga. Pia wamo walimu, wafanyakazi wa Hospitali ya Tenwek, vibarua wa kuchuma chai na wahudumu wa bodaboda.

Mgeni apitaye na kuona vilima vya kijani kibichi huenda akadhani kwamba watu wa hapa hawana haja ya kununua chakula. Lakini ekari iliyopandwa chai haitoi unga. Familia iliyoitenga sehemu kubwa ya shamba lake kwa zao la kuuza hulazimika kununua sehemu kubwa ya mlo wake.

Hali hiyo ilizidishwa na balaa la mwaka wa 2011. Mnamo Septemba mwaka huo, ugonjwa hatari wa mahindi unaojulikana kama MLN uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya katika eneo la Longisa, papa hapa Bomet. Ugonjwa huo, ambao husababishwa na virusi viwili vinavyoshambulia mmea kwa pamoja, ulikausha mashamba mazima.

Wakulima walishauriwa kuacha mahindi kwa muda na kupanda viazi, maharagwe na mimea mingine isiyo nafaka. Ushauri ulikuwa mwema, ila ulimaanisha kwamba familia zilizokuwa zikila unga wa shamba lao zingeutafuta dukani.

Kwa hivyo bei ya dukani si jambo la anasa. Katika hesabu za Shirika la Takwimu la Kitaifa, KNBS, chakula na vinywaji visivyo vileo huchukua takriban thuluthi moja ya kapu linalotumiwa kupima mfumuko wa bei nchini. Hiyo ni wastani wa taifa zima; kadiri familia ilivyo na kipato kidogo ndivyo chakula kinavyokula sehemu kubwa zaidi ya mapato yake.

Mapato yenyewe hayatabiriki. Mkulima wa chai hupata malipo ya kila mwezi kwa kilo za majani mabichi, kisha husubiri bonasi ya mwisho wa mwaka wa mauzo. Mwaka wa 2025, wakulima wa Bomet na Kericho walilalamika kwamba bonasi ilishuka. Aliyetarajia kununua magunia kwa bei ya jumla akajikuta ananunua pakiti moja moja.

Hesabu ya pakiti

Tuchukue mfano wa sukari, kwa takwimu za kukadiria tu. Tuseme supamaketi inauza pakiti ya kilo mbili kwa Sh300. Kioski kilicho karibu na nyumbani kinapima robo kilo kwa Sh45.

Mwenye Sh45 mfukoni haoni kwamba ametozwa bei ghali. Lakini robo nane, ambazo ni kilo mbili, zitamgharimu Sh360. Amelipa Sh60 zaidi, sawa na asilimia 20, kwa sukari ile ile.

Waswahili walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Katika biashara ya vipimo vidogo, maarufu kama kadogo, haba na haba ndiyo inayoutoboa mfuko wa mnyonge. Maskini hununua kidogo kidogo kwa sababu hana fedha za kununua kwa wingi, na kwa kununua kidogo kidogo hulipa zaidi kuliko tajiri.

Mtego wa pili ni wa pakiti zinazofanana kwa sura lakini si kwa ujazo. Kwa miaka mingi Wakenya walizoea pakiti ya maziwa ya mililita 500. Baadaye zikaingia pakiti ndogo zaidi, zikiwemo za mililita 450, zilizopangwa kando ya zile za awali.

Tuseme zote mbili zinauzwa kwa Sh60. Lita moja katika pakiti ya kwanza ni Sh120. Katika pakiti ya pili, lita hiyo hiyo ni Sh133. Mnunuzi amepandishiwa bei kwa asilimia 11 ilhali nambari kwenye kibandiko haijabadilika hata kidogo.

Jambo hilo si kosa la jinai. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513 ya Sheria za Kenya, hutaka kiasi halisi cha bidhaa kiandikwe kwenye pakiti. Mradi andiko lipo, hata likiwa dogo kiasi cha kumshinda mzee asiye na miwani, mtengenezaji ametimiza wajibu wake.

Mtego wa tatu ni wa ofa. Maduka makubwa kote duniani hupunguza bei ya bidhaa chache ambazo kila mtu anajua bei yake, mathalani unga na sukari, ili ziwe chambo. Mteja akishaingia, hununua pia dawa ya meno, viungo, biskuti na sabuni ya unga, ambazo bei yake si rahisi kuikumbuka. Hapo ndipo duka hufidia lilichopoteza.

Ndiyo maana anayelinganisha supamaketi mbili kwa kutumia bei ya unga pekee hajalinganisha lolote. Inambidi aandike orodha ya vitu kumi au kumi na viwili anavyovinunua kila mwezi, agawe kila bei kwa uzani wa pakiti, kisha ajumlishe orodha nzima. Risiti za miezi miwili au mitatu zikihifadhiwa zitamwambia ukweli kuliko matangazo.

Nauli na daftari la madeni

Wapo wanaoamini kwamba nafuu iko Bomet mjini au Kericho, kwenye maduka makubwa zaidi. Imani hiyo nayo inahitaji kupimwa.

Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni Sh100, na duka la mbali lina bei ya chini kwa asilimia tano. Ili nafuu hiyo ifidie nauli tu, mnunuzi sharti atumie Sh2,000 katika safari moja. Akitumia Sh1,000, ataokoa Sh50 na kupoteza Sh100.

Kwa mwalimu anayenunua mahitaji ya mwezi mzima siku ya mshahara, safari hiyo ina faida. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku au kwa wiki, ni hasara. Duka moja laweza kuwa nafuu kwa jirani mmoja na ghali kwa mwingine.

Aidha, kuna huduma ambayo supamaketi haitoi: mkopo wa daftari. Mwenye duka la kijijini anayemjua mteja wake kwa jina na anayejua tarehe ya malipo ya chai humpa unga leo na kungoja fedha mwisho wa mwezi. Bei yake ya juu kiasi ina riba ndani yake, japo haiitwi riba.

Kumlaumu mwenye kioski kwa hivyo si haki. Yeye mwenyewe hununua bidhaa kwa mwenye jumla, ambaye naye hulipia lori lililopanda kutoka Nairobi kupitia Mai Mahiu na Narok. Kila kituo huongeza chake.

Ubora hauonekani kwa macho

Bei ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni ubora, na hapa wengi hudhani kwamba sakafu inayong'aa na taa nyingi ni dhamana tosha. Matukio ya miaka ya hivi karibuni yameonyesha sivyo.

Mnamo Novemba 2019, Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi baada ya kupatikana na kiwango cha aflatoksini kinachozidi kile kinachoruhusiwa. Januari 2020, aina nyingine 17 zilichukuliwa hatua kama hiyo. Baadhi ya unga huo ulikuwa wa majina mashuhuri, uliojaa kwenye rafu za maduka makubwa, na baadhi yake ulirejea sokoni baadaye.

Aflatoksini ni sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Haina harufu ya kumtahadharisha mpishi na haiishi kwa kuchemsha. Wakenya hawajasahau mwaka wa 2004, ambapo zaidi ya watu 100 walifariki katika eneo la Mashariki baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo.

Julai 2019, uchunguzi wa runinga ya NTV ulizua ghadhabu kwa kudai kwamba nyama katika baadhi ya supamaketi ilikuwa ikitiwa kemikali ya sodium metabisulphite ili ionekane mbichi na nyekundu. Wekundu ambao mnunuzi aliuchukua kuwa ishara ya ubora ukageuka kuwa sababu ya shaka.

Je, kinu cha posho ni kimbilio? Jibu si la moja kwa moja. Unga wa kinu cha posho una kiini na kapi za mahindi, hivyo una lishe ya asili zaidi na mara nyingi gharama yake ni ndogo. Kwa upande mwingine, tangu mwaka wa 2012 sheria imetaka unga wa pakiti uongezwe vitamini na madini, jambo ambalo unga wa kinu kidogo kwa kawaida haupati.

Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya sumu ya aflatoksini huwa kwenye kapi na kiini, ambavyo hukobolewa katika unga mweupe wa kiwandani. Anayesaga mwenyewe hana budi kuwa na hakika kwamba mahindi yake yalikauka vizuri kabla ya kuwekwa ghalani. Akiwa na hakika hiyo, kinu ni chaguo zuri. Akinunua mahindi asiyojua yalikotoka, anacheza pata potea.

Kuhusu mboga, soko la wazi la Silibwet lina ubora ambao supamaketi haiwezi kuushinda kwa urahisi. Kabeji, viazi, managu na saga zinazouzwa na kina mama sokoni mara nyingi zimetoka shambani asubuhi hiyo hiyo. Ila hapo pia kipimo ni kitendawili, kwa kuwa gorogoro moja huweza kujazwa hadi kufurika na nyingine ikawa imebonyezwa chini.

Kwa bidhaa za pakiti, mnunuzi ana silaha moja isiyotumika vya kutosha. KEBS huruhusu mtu kutuma nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora kwa ujumbe mfupi hadi 20023, akajibiwa iwapo kibali hicho ni halali. Tarehe ya mwisho ya matumizi nayo isomwe, hasa kwenye bidhaa za ofa, na maziwa au nyama ikaguliwe kwa makini siku ambayo umeme umepotea kwa muda mrefu.

Nani hulipia nafuu?

Kuna jambo ambalo wanunuzi wa mijini wanaweza kulipuuza lakini mkazi wa Silibwet hawezi. Yeye ni mnunuzi na mwuzaji kwa wakati mmoja. Maziwa anayoyanunua kwenye pakiti huenda yalitoka kwa ng'ombe wa jirani yake, yakapelekwa kiwanda cha New KCC huko Sotik, kisha yakarudi yakiwa na bei nyingine.

Mwaka wa 2024, serikali ilitangaza kwamba mkulima alipwe angalau Sh50 kwa lita ya maziwa. Ukilinganisha na bei ya lita ile ile ikiwa kwenye pakiti, utaona nafasi iliyopo kati ya boma na rafu. Sehemu ya nafasi hiyo ni halali: usafiri, kuchemsha, pakiti, ubaridi na faida ya duka. Swali ni jinsi inavyogawanywa.

Chai nayo haina tofauti. Kilo moja ya chai kavu huhitaji takriban kilo nne na nusu za majani mabichi. Mchumaji anayenunua pakiti ya chai iliyofungwa Kericho ananunua jasho lake mwenyewe, likiwa limeongezwa gharama ya kila mkono uliolishika njiani.

Historia ya supamaketi za Kenya yafundisha kwamba bei ya chini yaweza kulipwa na mtu mwingine. Nakumatt, iliyoanzia Nakuru kama duka la magodoro na kufikia zaidi ya matawi 60 katika kanda hii, ilianza kuporomoka mwaka wa 2017, na Januari 2020 wadai wake wakaamua ifungwe. Tuskys ilifuata njia hiyo hiyo kuanzia mwaka wa 2020. Uchumi, iliyoanzishwa na serikali mwaka wa 1975, ilifungwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2006 na haijawahi kurejea hadhi yake.

Walioachwa na madeni ni wauzaji wa maziwa, mkate, mboga na nyama ambao hawakulipwa kwa miezi mingi. Rafu zilizokuwa zikisifiwa kwa bei nafuu zilikuwa zimejazwa kwa bidhaa ambazo hazijalipiwa.

Mwishoni mwa mwaka wa 2023, Mamlaka ya Ushindani nchini, CAK, iliitoza kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini faini ya zaidi ya Sh1.1 bilioni kwa madai ya kutumia vibaya nguvu zake dhidi ya wauzaji wawili, uamuzi ambao kampuni hiyo iliupinga. Mzozo ulihusu punguzo ambalo wauzaji hutakiwa kulitoa ili bidhaa zao zikubaliwe dukani.

Funzo kwa Bomet ni kwamba si kila nafuu ni ya kushangiliwa. Duka linalopunguza bei kwa kuwa lina ufanisi humfaa kila mtu. Duka linalopunguza bei kwa kuchelewesha malipo ya mkulima humpa mkazi wa Silibwet Sh5 kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya Sh10 kwa mkono wa kushoto.

Amri za bei hazijafua dafu

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini serikali isiweke bei moja kwa nchi nzima. Kenya ilikuwa na mfumo wa kudhibiti bei hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulipoondolewa. Mwaka wa 2011, Bunge lilipitisha sheria inayompa waziri uwezo wa kuweka kikomo cha bei ya bidhaa za kimsingi, lakini haijaleta afueni iliyotarajiwa.

Ruzuku nazo zimejaribiwa. Mei 2017, pakiti ya kilo mbili ya unga ilishushwa hadi Sh90. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, ilitangazwa kwamba pakiti hiyo, iliyokuwa imepita Sh200, ingeuzwa kwa Sh100. Katika maeneo mengi unga wa bei hiyo uliadimika, na mpango wenyewe ukakoma mwaka huo huo.

Ushuru nao una mchango wake. Mwaka wa 2024, pendekezo la kutoza mkate ushuru wa thamani wa asilimia 16 liliondolewa kufuatia upinzani mkali, kabla ya mswada mzima wa fedha kukataliwa kwa maandamano. Mwananchi alionyesha kwamba anaweza kuipigania bei akiijua. Pale asipoijua, hana la kupigania.

Kinachowezekana

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, pamoja na habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezikabidhi kaunti jukumu la masoko, leseni za biashara na uendeshaji wa biashara kwa haki.

Kwa hivyo Bunge la Kaunti ya Bomet laweza kujadili sheria fupi: kila supamaketi yenye leseni ionyeshe kwenye kibandiko, kando ya bei ya pakiti, bei ya kilo moja au lita moja kwa herufi zinazosomeka.

Hilo si jambo geni duniani. Umoja wa Ulaya uliweka sharti hilo mwaka wa 1998. Australia ililiwekea maduka makubwa mwaka wa 2009, baada ya uchunguzi kuhusu bei ya vyakula. Halimlazimishi mwenye duka kupunguza hata senti moja. Linamlazimisha tu kusema ukweli kwa lugha moja na mshindani wake.

Wenye maduka watasema kwamba ni gharama. Lakini supamaketi nyingi tayari huchapisha vibandiko kwa kompyuta, na hesabu ya kugawa bei kwa uzani hufanywa na programu hiyo hiyo. Vioski na maduka madogo yanaweza kuachwa nje ya sharti hilo ili yasibebeshwe mzigo yasioumudu.

Hatua ya pili ni maafisa wa mizani na vipimo kuonekana sokoni mara kwa mara, wakikagua mizani za supamaketi na gorogoro za sokoni bila ubaguzi. Ya tatu ni vyama vya ushirika vya wakulima na walimu kununua bidhaa za kimsingi kwa jumla na kuwagawia wanachama, ili mwenye Sh45 naye apate bei ya mwenye Sh300.

Mpaka hayo yatimizwe, mnunuzi wa Silibwet atalazimika kujifanyia hesabu mwenyewe mbele ya rafu, huku watoto wakimvuta nguo na foleni ikirefuka nyuma yake. Wenye kutunga sheria katika kaunti wamwondolee mzigo huo. Bei ya kilo ni habari, na Katiba imekwisha kusema kwamba habari hiyo ni haki yake.